Maombi ya Mkristo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudiwa kila mara: nje ya kanisa baada ya ibada, katika jumuiya ndogo ndogo, kwenye ushirika wa mchana katikati ya jiji. Makanisa ya Nairobi ni mengi na hayaombi kwa namna moja, kwa hiyo palipo na tofauti tumeitaja. Mistari ni ya Biblia ya Union Version.

## Mambo ya msingi

Kuomba ni nini hasa?

Ni kuzungumza na Mungu kama mtoto anavyozungumza na baba yake. Paulo anataja aina nne kwa mpigo: dua, sala, maombezi na shukrani (1 Timotheo 2:1). Ongeza toba, sifa, na kukaa kimya mbele zake. Wengi wetu tumebaki na aina moja tu, ya kupeleka haja, ndiyo maana maombi yakatuchosha. Katoliki husema zaidi "kusali", Wapentekoste "kuomba", lakini jambo ni lile lile.

Kwa nini maombi huitwa heshima tuliyopewa, na si wajibu tu?

Tazama mambo yalivyokuwa hekaluni. Patakatifu pa patakatifu paliingiwa na kuhani mkuu peke yake, mara moja kwa mwaka, tena akiwa na damu ya sadaka (Walawi 16, Waebrania 9:7). Watu wengine wote walibaki nje. Yesu alipokata roho, pazia la hekalu likapasuka vipande viwili, toka juu hata chini (Mathayo 27:51). Kwa sababu hiyo mwandishi wa Waebrania anathubutu kusema: "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri" (4:16).

Aliyewahi kufuata saini katika ofisi za mjini ataelewa uzito wa neno hilo. Langoni unaacha kitambulisho kwa askari, unaandika jina, saa ya kuingia na unayekwenda kumwona. Juu unakalishwa kwenye benchi, kisha unaambiwa mkubwa yuko mkutanoni, rudi kesho. Katika maombi, Kristo ametangulia kuingia na ameacha mlango wazi. Majibu mengine yote hapa chini yanasimama juu ya hilo: yeyote anayekuambia kwamba mlango unafunguliwa kwa pesa, cheo au kelele, anakurudisha nje ya pazia.

Lazima niwe nimebatizwa ndipo nisikiwe?

Hapana. Kornelio alikuwa akida wa Kirumi, hajabatizwa, hajamsikia Petro, na bado malaika alimwambia kwamba sala zake zimefika mbele za Mungu (Matendo 10). Lakini ona pia kwamba Mungu hakumwacha hapo. Alimtumia mtu wa kumfundisha.

Kwa nini tunamaliza na "kwa jina la Yesu, Amina"?

Kwa sababu Yesu mwenyewe alituambia tuombe kwa jina lake (Yohana 14:13–14). Kuomba kwa jina la mtu ni kusimama kwa ruhusa yake na kutaka anachotaka yeye. Maneno hayo hayageuzi ombi lolote kuwa halali, na ukiyasahau sala yako haipotei: Baba Yetu yenyewe haina maneno hayo. "Amina" ni neno la Kiebrania lenye maana ya kuthibitisha, yaani "na iwe hivyo, ni kweli". Kwa hiyo usiitikie Amina kwa ombi usilokubaliana nalo.

Sijui niseme nini. Nianzeje?

Anza na Baba Yetu (Mathayo 6:9–13), lakini usiikimbize. Wanafunzi walipomwambia Yesu, "Bwana, tufundishe sisi kusali", hiyo ndiyo aliyowapa. Tenga dakika kumi hivi. Dakika ya kwanza nyamaza, upumue. Kisha sema kila sehemu, usimame, uongeze maneno yako mwenyewe.

"Jina lako litukuzwe": taja jambo moja unalomsifia leo. "Ufalme wako uje, mapenzi yako yatimizwe": taja mahali unapotaka mapenzi yake yaonekane, nyumbani kwako, kazini, mtaani. "Utupe leo riziki yetu" (Katoliki husema "mkate wetu wa kila siku"): hapa ndipo pa kodi ya nyumba, karo, na kibarua kisichoeleweka. Neno "leo" limo kwa makusudi. Omba ya leo. "Utusamehe": taja kosa kwa jina lake, kisha mtaje uliyemkasirikia, naye kwa jina lake. "Usitutie majaribuni": unalijua jaribu linalokungoja mchana, liseme kabla halijafika.

Mawazo yatatangatanga, hasa dakika ya nne au ya tano. Sema kwa sauti ndogo badala ya moyoni tu, au uwe na daftari. Likikujia wazo la gesi kuisha, liandike kisha urudi ulipoachia. Kujilaumu hapo kunakula muda kuliko lile wazo lenyewe.

Sala za kukariri si kupayuka-payuka?

Yesu alikemea kudhani kwamba wingi wa maneno ndio unaomfanya Mungu asikie (Mathayo 6:7). Mistari miwili mbele akafundisha sala ya kukariri. Zaburi 150 zote ni sala zilizoandikwa, na Yesu msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22. Tena mtu anaweza kupayuka kwa maneno ya papo hapo: hesabu mara ngapi "Baba Mungu" hutokea katika sala moja ya dakika mbili.

## Saa, mahali na mwili

Niombe saa ngapi, na kwa muda gani?

Danieli aliomba mara tatu kwa siku (Danieli 6:10), na mtunga zaburi anataja jioni, asubuhi na adhuhuri (55:17). Didake, mafundisho ya Wakristo wa mwanzo kabisa, inaagiza Baba Yetu mara tatu kwa siku. Yesu aliamka alfajiri na mapema sana (Marko 1:35). Hakuna kipimo cha dakika popote.

Ushauri wetu: funga maombi na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Anayetoka Ruiru au Kitengela saa kumi na moja alfajiri hawezi kuongeza saa nzima kabla ya hapo bila kusinzia. Ana dakika za chai kuchemka, dakika za matatu kujaa, na foleni. Dakika tano za kila siku hujenga kuliko saa mbili za mara moja kwa mwezi. Jifunze pia sala ya mshale: Nehemia aliomba katikati ya swali la mfalme na jibu lake (Nehemia 2:4), na Petro akizama alisema maneno mawili tu, "Bwana, niokoe."

Dereva, usifumbe macho.

Naishi chumba kimoja na watu wanne. "Chumba cha ndani" nitakitoa wapi?

Swali hili ni la kweli katika mitaa kama Pipeline, Kayole na Mathare, na linastahili jibu la kweli. Neno la Kigiriki katika Mathayo 6:6 ni *tameion*, chumba cha akiba. Ndilo neno lililotafsiriwa "ghala" katika Luka 12:24, pale kunguru wanaposemwa kuwa hawana. Wengi waliomsikiliza Yesu hawakuwa na vyumba vya kulala vya kila mtu. Alikuwa anasema: toka machoni pa watu.

Kwa hiyo tafuta pasipo na wa kukutazama. Paa la ploti kabla nguo hazijaanikwa. Kanisa lililo wazi siku za kazi. Makanisa makubwa ya katikati ya jiji hufungua milango mchana, na mtu anaweza kuketi robo saa. Njia ya kwenda kazini kwa miguu. Ukikosa vyote, blanketi juu ya kichwa linatosha. Waambie unaoishi nao, "Nikijifunika hivi, nipeni dakika kumi." Wengi huheshimu, hata wasioamini.

Watu huuliza pia kuhusu kupanda Ngong Hills kuomba. Ni pazuri na pametulia. Nendeni kwa kundi, mchana, mkiwa na maji na sweta, kwa maana upepo wa juu ni mkali. Lakini mlima haumleti Mungu karibu kuliko paa la ploti (Yohana 4:21–24).

Lazima nipige magoti na kufumba macho?

Hapana. Katika Biblia watu waliomba wakipiga magoti (Danieli 6:10), wakisimama (Marko 11:25), wakiketi (Daudi, 2 Samweli 7:18) na wakianguka kifulifuli (Yesu, Mathayo 26:39). Kufumba macho hakuagizwi popote. Kunasaidia tu kutotazama huku na huku. Mwenye magoti mabovu aketi kwa amani.

Kuomba kimya kunahesabika?

Ndiyo. Hana aliomba midomo ikicheza bila sauti kusikika, kuhani Eli akadhani amelewa (1 Samweli 1:13). Mungu alimsikia.

Upande wa pili, kupaza sauti si kosa. Lakini jirani aliyetoka zamu ya usiku ana haki ya kulala, na kanuni za Kenya za kudhibiti kelele za 2009 zinagusa nyumba za ibada pia. Kundi linaloomba ndani ya nyumba za kupanga lizime spika na lifunge madirisha usiku. Jirani akigonga mlango, msimwite wakala wa shetani. Punguzeni sauti.

Niombe kwa lugha gani, na je, nifunike kichwa?

Omba kwa lugha unayoilia: Kikamba, Dholuo, Kiswahili, hata Sheng. Kuhusu kichwa, makanisa husoma 1 Wakorintho 11 kwa namna mbalimbali. Mengi huwataka wanaume wavue kofia; Akorino huvaa vilemba, wanaume kwa wanawake. Ukiwa mgeni, fuata desturi ya wenyeji.

## Kuomba na wengine, na kuwaombea

Tunaendeshaje ushirika wa mchana bila watu kuchelewa kazini?

Mtu ana saa moja ya chakula, na dakika kumi za kutembea kila upande zimekwisha kukatwa. Panga dakika arobaini: saa saba na dakika kumi mpaka saa saba na dakika hamsini. Wimbo mmoja, andiko moja lisilozidi mistari kumi, maelezo ya dakika nane, mahitaji ya watu dakika tano, na kinachobaki chote kiwe maombi. Ushirika mwingi huharibikia kwenye ushuhuda usio na mwisho na mahubiri yanayonyemelea dakika thelathini, watu wakaondoka hawajaomba kabisa. Mpe mtu mmoja kazi ya kutazama saa, na aruhusiwe kumkatiza hata mchungaji.

Kesha la Ijumaa ni hivyo hivyo: amueni mapema nani anasafiri vipi saa kumi na moja, na watoto wanalala wapi.

Nimekwenda kumwombea mgonjwa wodini. Nifanyeje?

Kwanza mwulize: "Ungependa tuombe?" Akisema hapana, mshike mkono, mkae. Akikubali, mwulize anataka kuombewa nini, kwa maana huenda haja yake kubwa ni watoto aliowaacha nyumbani na siyo mguu. Simama anapoweza kukuona bila kugeuza shingo. Usiweke mkono kwenye kidonda, kifuani baada ya upasuaji, wala juu ya mkono wenye dripu. Dakika mbili zinatosha, kwa sauti ya mazungumzo. Vitanda vya jirani vina watu wenye maumivu na wenye imani nyingine.

Yakobo 5:14 anataja wazee wa kanisa na mafuta. Katoliki wana Mpako wa Wagonjwa, ambao hutolewa na padri. Mpigieni mapema, msisubiri dakika za mwisho.

Kamwe usimwambie mgonjwa aache dawa. ARV, dawa za kifua kikuu, za presha, za kifafa, insulini: ziendelee vile daktari alivyosema. Mungu akimponya mtu, vipimo vitaonyesha, na daktari ndiye atakayeziondoa.

Kundi letu la maombi liko WhatsApp. Kuna tahadhari?

Moja kubwa: usiweke haja ya mtu bila idhini yake. "Tumwombee Mama Fulani, mumewe amehama" ni umbea uliovaa kanzu. Hali ya afya, ndoa na madeni vibaki kwa waliokabidhiwa. Andika "tuombee familia moja kati yetu", inatosha. Mungu anajua ni ipi.

## Kufunga

Kufunga kunaongeza nguvu ya maombi?

Kufunga hakumlazimishi Mungu. Kunakutoa wewe kwenye shughuli za sufuria ili upate muda na njaa ya kukukumbusha. Isaya 58 inaongeza kipimo kinachosahaulika: mkate wako uende kwa mwenye njaa. Ukifunga chakula cha mchana, fedha yake ina mwenyewe.

Anza na siku moja, kutoka alfajiri mpaka saa kumi na mbili jioni, huku ukinywa maji. Wanywaji wa chai huumwa kichwa kwa kukosa kafeini, wakadhani ni vita vya kiroho. Punguza chai siku mbili tatu kabla. Fungua kwa uji au tunda, si kwa nyama na chapati nne. Katoliki, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, hula mlo mmoja kamili, kwa walio kati ya miaka 18 na 59.

Wasifunge chakula: watoto, wajawazito, wanaonyonyesha, wenye kisukari, wenye vidonda vya tumbo, na wanaomeza dawa zinazohitaji chakula. Wao wafunge simu au televisheni.

Tunasema hili kwa uchungu. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, watoto wakiwemo, wa kundi lililofundishwa kufunga hadi kufa ili kumwona Yesu. Mtu yeyote akikuagiza kufunga bila maji kwa siku nyingi, akimnyima mtoto chakula, au akikuambia usiwaeleze jamaa zako, ondoka siku hiyo hiyo, umwambie ndugu yako na polisi.

## Majibu yasiyokuja

Nimeomba miaka na hakuna kitu. Je, sina imani?

Usimkubalie haraka anayekuambia hivyo. Paulo aliomba mara tatu aondolewe mwiba katika mwili, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha" (2 Wakorintho 12:8–9). Yesu aliomba Gethsemane kikombe kimwepuke, na kikombe hakikumwepuka. Nani atasema hao walipungukiwa imani?

Biblia inataja vizuizi, na ni vizuri kujichunguza mara moja kwa uaminifu: kuomba ili kutumia kwa tamaa (Yakobo 4:3), kutosamehe (Marko 11:25), mume kumtendea mkewe vibaya (1 Petro 3:7). Huyu wa mwisho hatajwi sana madhabahuni, na ingefaa atajwe. Ukikuta kosa, tubu, litengeneze. Usipolikuta, usiendelee kulichimba kila usiku.

Kisha endelea kuomba kama yule mjane wa Luka 18, aliyemrudia kadhi mpaka akasikilizwa. Na uombe ukiwa na hatua mkononi: anayeomba kazi apeleke barua, anayeomba mtoto amwone daktari pamoja na mwenzake, wote wawili. Kubadilisha ombi nako kunaruhusiwa. Baada ya miaka, wengine huacha kusema "niondolee" wakaanza kusema "nishike". Hiyo nayo ni sala ya imani.

Hatuwezi kukuambia kwa nini mtoto wa jirani alipona na wako hakupona. Mtu akikupa sababu iliyonyooka sana, mwache aondoke nayo.

Nimeambiwa nipande mbegu kwa M-Pesa ndipo niombewe. Ni sawa?

Si sawa. Elisha alikataa zawadi za Naamani, na Gehazi aliyezikimbilia kwa siri akapata ukoma (2 Wafalme 5). Simoni alipotaka kununua karama, Petro alimwambia, "Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe" (Matendo 8:20). Sadaka ya kusaidia kanisa na maskini ni njema, itolewe kwa moyo. Lakini ada ya maombi, mafuta ya kuuzwa, leso iliyoombewa kwa bei, hivyo vinakuuzia mlango ambao tayari uko wazi (tazama "Kwa nini maombi huitwa heshima tuliyopewa"). Usikope kwa ajili hiyo. Usitoe karo.

## Mambo yenye utata

Naweza kuomba maadui zangu wafe?

Zaburi zina hasira kali. Soma ya 109. Maana yake unaweza kumwambia Mungu hasira yako yote bila kuipamba. Lakini Yakobo na Yohana walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Yesu aliwakanya (Luka 9:54–55), na agizo lake ni kuwaombea wanaotuudhi (Mathayo 5:44). Mwambie Mungu ulivyoumia, omba haki, umwachie. Kama umetishiwa au kupigwa, ripoti pia.

Tuwaombee marehemu? Na watakatifu je?

Katoliki na Waorthodoksi huwaombea marehemu na huwaomba watakatifu wawaombee, kama unavyomwomba rafiki akuombee. Waprotestanti wengi hawafanyi hivyo. Matangani humshukuru Mungu kwa maisha ya aliyefariki na kuwaombea wafiwa. Msigombane juu ya jeneza. Ikiwa ukoo una pande zote mbili, anayeongoza awe wa kanisa la marehemu.

Kunena kwa lugha ni lazima?

Makanisa hayakubaliani. Paulo hakukataza, ila aliweka utaratibu kwa kusanyiko: wawili au wasiozidi watatu, kwa zamu, na mwenye kufasiri. Asipokuwepo, anyamaze, aseme na nafsi yake na Mungu (1 Wakorintho 14:27–28).

Mtu ameniambia ameonyeshwa katika maombi kwamba nitaolewa naye.

"Jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema" (1 Wathesalonike 5:21). Kama Mungu ana neno kwako, unayo njia ya kumwuliza mwenyewe. Hapana yako inatosha, wala haihitaji maono ya kuiunga mkono.

Sitaki kuomba. Nimemkasirikia Mungu.

Mwambie hivyo, hiyo tayari ni sala. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari wa faraja mwishoni, na imo katika Biblia. Isome kwa sauti. Ukishindwa hata hilo, waache wengine wakuombee kwa muda. Na usingizi ukikukimbia kwa wiki, au ukiwa na mawazo ya kujiua, mwone daktari au mshauri leo, usingoje Jumapili.

Mama yangu mzee amepoteza kumbukumbu. Hawezi kuomba tena. Itakuwaje?

Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, tusipojua kuomba itupasavyo. Mama hajatoka katika maombi.

Na lipo la kufanya. Maneno aliyoyakariri mtu akiwa mtoto mara nyingi hubaki baada ya majina ya wajukuu kupotea. Kaa upande anaosikia vizuri, saa ambayo hutulia, kwa wengi ni asubuhi. Mshike mkono. Tumia lugha ya utotoni mwake na tafsiri ya zamani aliyofundishwa, usimsahihishe. Sema Baba Yetu polepole, nusu ya mwendo wa kanisani. Ukifika "Utupe leo", nyamaza, umtazame midomo, umpe muda.